Jenerali wa Rumonge na Jina la Mama Yake

Bismillahi. Wazee wetu, mama zetu mliokaa ndani na mliokaa uani, majirani wa Rumonge, na nyinyi mliotoka Kabezi na Gitaza kuja kumjulia hali mgonjwa mkamkuta hana tena hali ya kujuliwa, amahoro. Mimi ni Nasoro, fundi wa kushona kanzu, ndugu yake Sikuzani aliye mke wa marehemu, kwa hiyo marehemu ni shemeji yangu, na shemeji huyu nilimtania tangu siku alipotia mguu kwetu mpaka juma lililopita, na leo sitaacha kwa sababu tu amelala, maana akinisikia nasema kwa adabu nyingi atadhani aliyekufa ni mtu mwingine.

Jamaa wamekubaliana nisome habari za maisha yake sasa hivi, kabla jeneza halijainuliwa kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, na sababu ni moja, nayo nitaitaja mwanzoni ili kila mtu aijue. Mnajua desturi yetu, kwamba maiti akishafukiwa mwalimu hukaa upande wa kichwa akamsomea talakini, akamwita kwa jina lake na jina la mama yake, si la baba, ili ajue ni yeye anayeitwa na ajibu vizuri atakapoulizwa, na yule ambaye mama yake hajulikani huitwa mwana wa Hawa, kwa kuwa Hawa ni mama wa wote. Dada yangu Sikuzani hataki mumewe aitwe mwana wa Hawa. Mwalimu Abdulhamid, aliye hapa mbele yangu, amesema hawezi kutamka kaburini jina ambalo watu hawalishuhudii, ila habari ikisomwa hadharani na watu wakairidhia, yeye ataliita. Kwa hiyo nawaomba msinisikilize kama watu wanaongoja wali uive.

Marehemu alizaliwa ng'ambo ya ziwa hili, Ubwari, katika milima ile mnayoiona mkigeuza shingo, yapata mwaka wa 1860, siku haijulikani, kijiji hakijulikani, na pale ambapo msomaji wa habari kama hizi hutaja baba na babu na ukoo mpaka watu wakasinzia, mimi nina shimo tupu. Yeye mwenyewe alikumbuka vitu vichache, sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa jiwe, mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya mlango, na mkono wa mama yake uliokuwa ukinuka mawese, na alipovisimulia vitu hivyo alikuwa akifumba macho, na mtu aliyekaa karibu naye alihisi kama amekaribishwa ndani ya nyumba ile na kuambiwa akae. Alikumbuka pia asubuhi moja walipokuja watu kwa mitumbwi mikubwa, wana bunduki, na mama yake akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, na watu wale wakawa wanampigia mama yake kelele, wakimwita, Mwache, Mwache, kila mmoja akilitaja jina hilo hilo, mpaka mikono ikaachana. Yeye alikuwa mtoto mdogo, Kiswahili hakijui, akashangaa kwamba wageni wale wanamjua mama yake kwa jina. Jina hilo akavuka nalo ziwa.

Alilelewa Ujiji, nyumbani kwa Bwana Asmani, mfanyabiashara wa pembe, ambaye ndiye aliyempa jina la Mbaraka, na alipelekwa chuoni kukaa safu ya nyuma pamoja na watoto wengine wa nyumba za watu, akajifunza kusoma juzuu ya mwisho, akajifunza Kiswahili mpaka kikamfukuza nje kabisa ya lugha yake, asibaki nayo hata neno la kuombea maji. Ndoto ndizo alizobaki nazo. Tangu Ujiji alikuwa mtu wa kuota, na kila ndoto yake ilianza na ziwa, mara anatembea chini ya maji na maji hayamloweshi, dagaa wanapita juu ya kichwa chake kama mbu wa jioni, mara ziwa limekunjwa kama mkeka na limewekwa pembeni, na mtu anaweza kwenda Ubwari kwa miguu akafika kabla chakula hakijapoa. Watumwa wenzake walimwambia aache kuota kwa sauti, kwani Bwana Asmani alikuwa na usingizi mwepesi.

Akiwa kijana alibeba pembe kwenda Tabora mara nyingi, akawa hodari, akaaminiwa bunduki, na Bwana Asmani alipofariki yeye akabaki hana bwana wala nyumba, ndipo mwezi wa Mei mwaka wa 1891, hapo hapo Tabora, akajiandikisha askari wa serikali ya Wadachi. Karani alimwuliza jina, akasema Mbaraka, akamwuliza bin nani, akasema baba simjui, mama yangu ni Mwache, na karani akaandika Mbaraka Mwache, akamwambia apite akachukue nguo. Naona wengine mnatabasamu. Tabasamuni tu, hata askari wenzake walitabasamu miaka yote, kila asubuhi majina yakiitwa na mkubwa akipaza sauti, Mbaraka Mwache, safu ya nyuma walijibu chinichini, amwache nani, na yeye alicheka pamoja nao, akisema kuna akina Mwasiti na Mwanvua na Mwajuma, basi mama yangu naye ni Mwache, mtanifanya nini.

Alipanda vyeo kwa taratibu na kwa haki, mwaka wa 1893 alikuwa ombasha, mwaka wa 1895 shaushi, mwaka wa 1896 alirudi Ujiji na kikosi na kupita mbele ya ile nyumba ya Bwana Asmani akiwa na viatu miguuni, mwaka wa 1897 akaletwa Usumbura, na mwaka wa 1902 akavishwa uefendi, cheo ambacho watu wengi waliokipata walikuwa watu wa Sudani, na kwa mtu aliyevushwa ziwa hili akiwa mali ya mtu, hakuna cheo kilichobaki juu yake ila cha Mzungu. Alikuwa mkali kazini, nguo zake zilikuwa safi, na kofia yake nilishaijaribu mara moja alipokuwa anaoga, ikanifika puani.

Alimwoa dada yangu Sikuzani tarehe 14 Agosti 1898, Usumbura, na posa yenyewe ilikuwa kichekesho, maana aliingia kwetu na viatu vya serikali mpaka katikati ya mkeka, baba yetu akamtazama miguu kisha akamtazama uso, akamwambia mwanangu, Mungu hapigiwi kwata, vua. Akavua, akakaa, akasahau maneno yote ya posa aliyofundishwa, akaanza kumsimulia baba yetu ndoto aliyoota usiku ule, habari ya nyumba iliyokuwa ikielea ziwani na moshi unatoka paani, na dada yangu aliyekuwa nyuma ya pazia akauliza kwa sauti, humo ndani kulikuwa na nani. Nadhani hapo ndipo ndoa ilipofungwa, mahari yalifuata tu. Walijaliwa Fatuma mwaka wa 1899, Abasi mwaka wa 1902, na mwingine aliyezaliwa na kutangulia mwaka wa 1905, ambaye tumemchimbia baba yake karibu naye.

Sasa nafika mwaka wa 1903, mwaka wa safari ya milimani, na vita vyenyewe sitavisimulia, kwa sababu waliokuwa upande wa pili wengine wako hapa leo, wamekuja kumzika, wamebeba maji na kuni tangu asubuhi, na kwao nasema murakoze cane, asanteni sana. Nitasimulia jambo moja tu, ambalo marehemu alimwambia mkewe peke yake, na mkewe ameniambia mimi juma hili. Kikosi kilikuwa kinakusanya wapagazi, na katika shamba moja la maharage, kwenye mteremko, mama mmoja alimkumbatia mwanawe kiunoni, askari mmoja akawa anamvuta yule kijana mkono, naye akimkemea mama, Mwache, Mwache wewe, mwache. Mama yule hakujua Kiswahili. Kijana naye hakujua, akageuka akamtazama askari mdomoni, akilishika neno lile, kama mtu anayeambiwa jina la mgeni. Efendi Mbaraka alikuwa juu kidogo ya shamba, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, ukungu unapanda kutoka bondeni, na alimwambia Sikuzani kwamba milima yote ilinyamaza, akaiona mikono ya mama yule ikiwa na mawese, ingawa huko juu mawese hayako, akajiona yeye mwenyewe amesimama chini pale, mdogo, na amesimama pia huku juu, na kofia kichwani.

Hapo ndipo alipoelewa. Kiswahili alikuwa nacho tangu utotoni, neno lile alilisema kila siku, aliwaambia watoto wake mwache paka, mwache dada yako, na asijue, kwa maana jina la mama mtu halisikilizi kama neno, analishika tu. Wale watu wa mitumbwi hawakuwa wanamjua mama yake. Walikuwa wanamwamuru amwachie mtoto. Na amri ile ameitembeza kama jina la mama yake Tabora, Ujiji mpaka Usumbura, kila asubuhi anaitwa nayo mbele ya watu, na anaitika.

Akateremka akamwambia yule askari, mwache. Askari akadhani efendi analitania jina lake mwenyewe, akacheka. Akamwambia tena, mwache kijana, na safari hii hakukuwa na wa kucheka, kijana akaachwa, mama yake akamkokota ndani ya maharage, wasionekane tena. Efendi akakaa chini kwenye tope na nguo zake safi. Alipofika Usumbura aliomba kupumzishwa kazi, akaambiwa angoje, akaomba tena, akakubaliwa tarehe 31 Desemba 1904, na wakubwa wake walishangaa kwamba mtu anaacha uefendi akiwa bado na nguvu, na mimi nilishangaa zaidi yao, nikamwita mjinga mbele ya baba yangu, naye alicheka tu, akasema shemeji, mimi nimechoka kuitwa.

Alihamia hapa Rumonge mwezi wa Machi mwaka wa 1905, na watu walisema amefuata mawese, wengine wakasema amefuata samaki, kumbe alifuata Ubwari, kwa sababu hapa ndipo mtu akiamka na kufungua mlango milima ile inamtazama usoni. Mnajua jinsi ilivyo, kiangazi moshi wa nyasi unaifunika mpaka unaweza kudhani ng'ambo hakuna kitu, halafu mvua inanyesha siku moja na kesho yake unaona makorongo yote na hata miti. Kiangazi alikuwa mtu wa huzuni, hasemi sana, na mvua zikianza alikuwa anatuamsha sote, mimi pia, niliyewafuata nikakaa nyumba ya tatu, ili tukaone jinsi milima ilivyorudi. Nilimwambia mimi sijapotewa na mlima wowote. Lakini nilikuwa naamka.

Alipanda michikichi, akawa anakwenda na wavuvi, na aliwapanga mama zetu wanaoanika dagaa kwenye mchanga wafuate safu, safu moja hapa, safu moja pale, katikati njia ya kupita na kugeuza, mpaka daktari Mdachi aliyekuja kukagua ufuko akasimama akacheka, akamwita Her General, yaani Bwana Jenerali kwa Kidachi, na akina mama wakalichukua neno hilo kabla meli ya daktari haijang'oa nanga, wakamwita Jenerali, na wengi wenu hapa hamna jina jingine mlilomjulia. Asubuhi walipopita na vikapu walimwuliza, Jenerali, leo umeota nini, iko habari gani huko, naye aliwaambia bila haya, ameota ziwa lina mlango na mlango una komeo upande huu, au ameota anawakagua dagaa kwa maelfu wakiwa wamevaa viatu, na akina mama walikwenda zao kazini wakicheka, na wengine, nimewaona mimi mwenyewe, wakienda polepole na kutazama maji.

Mwaka wa 1906, mwezi wa Juni, alivuka kwenda kumtafuta mama yake, Amisi mvuvi ndiye aliyempeleka, na Amisi yuko hapa, anaweza kunisahihisha. Walitembea vijiji vya ufukoni siku nyingi, vingine vipya, vingine magofu yaliyoota majani, na kila walipofika watu waliwapokea vizuri, wakawapa ugali na samaki, halafu wazee wakauliza, mutu munayemutafuta anaitwa nani. Hapo Efendi wa Wadachi, mtu aliyeamuru safu za askari, alikuwa hana jina la kuwapa. Mama mmoja mzee alimwambia kwa huruma, baba, mama ni wengi hapa, na waliochukuliwa watoto ni wengi, sasa wako ni yupi. Amisi anasema walirudi bila kusemezana, na katikati ya ziwa marehemu alitia mkono majini akauacha humo mpaka walipofika. Tangu hapo ndoto zake zikabadilika, akawa anaota nyumba zilizo wazi, moto unawaka, chungu kiko mekoni, na mtu hakuna, na dada yangu anasema alikuwa akiamka shavu limelowa, anatazama mlango.

Ugonjwa ulimwanza mwaka wa 1912, ugonjwa wa malale uliotumalizia watu ufuko huu wote. Daktari wa kambi ya malale alimpapasa shingo, akakuta tezi, akamchoma sindano, na kwa miezi kadhaa alipata nafuu, akatulazimisha tukate vichaka vyote vya mtoni vinavyoficha mbung'o, na mimi panga sijui kulishika, sindano tu, akasimama nyuma yangu akinisahihisha. Mwaka jana usingizi ukamrudia, akawa analala mchana katikati ya neno, kijiko mkononi, analala akiwa amesimama amekamata mti, na akilala alianza kusema. Alisema maneno ambayo hakuna aliyeyajua, siyo Kiswahili, siyo Kirundi, siyo Kidachi, kwa sauti nyembamba isiyo yake. Dada yangu aliogopa, mimi nilisema ni shetani na tutafute mganga, na wengine walisema anaweweseka kwa homa tu, ndivyo tulivyokuwa na akili.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba alikuja Mwasiti, huyu anayeanika dagaa safu ya karibu na mto, ambaye mnamjua ni mzaliwa wa Ubwari, aliolewa huku na akafiwa na mume huku, na alikuwa ameleta samaki. Akiwa mlangoni alisikia sauti ile, akasimama na kikapu kichwani, akamwambia Sikuzani, mama, huyu anasema kwetu, anasema sawa mutoto, kama mutoto mudogo. Ile lugha ambayo marehemu hakubaki nayo hata neno la kuombea maji, ilikuwa imekaa ndani yake yote, nzima, inangoja alale. Mwasiti akawa anakuja kila siku akimaliza kuanika, anakaa kitini kando yake na kututafsiria, na niseme kweli, zilikuwa siku nzuri, mgonjwa anatoweka mbele ya macho yetu na sisi tumekaa kumsikiliza mtoto anayeitwa sijui nani, anagombana na mbuzi, anakataa kuoga, anauliza kwa nini mwezi uko mchana. Wakati mwingine Mwasiti alicheka akasahau kututafsiria. Watoto wake Fatuma na Abasi walimjua baba yao utotoni mwake, na ni wangapi wanaopewa hilo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Tarehe 9 Desemba, mchana, mvua inanyesha, marehemu alikuwa amelala na sauti yake ikageuka, ikawa nzito, sauti ya mwanamke mtu mzima anayeita kutoka nyumba ya pili, na Mwasiti akashika magoti yake, akatuambia maneno yale moja kwa moja, Kashindi, Kashindi we, njoo umuchukue mutoto wako, anamaliza karanga zangu. Mtoto hamwiti mama yake kwa jina, ndugu zangu, mtoto husema mama, na anayemtajia mtoto jina la mama yake ni jirani.

Alipoamka Sikuzani hakumwambia kitu, alimwomba Mwasiti atoke uani, asimame upande wa pili wa ua, na aite vile vile, kwa lugha ile na kwa sauti ile. Mwasiti akaita. Marehemu aliinuka kwa viwiko, yeye ambaye siku nyingi alikuwa haiinui hata shingo, akageuza uso kwenye ukuta wa upande ule, macho wazi, akili yake yote anayo, akasema kwa Kiswahili, ni yule mama wa karanga, alikuwa na jino moja la mbele refu. Halafu akalia, akacheka, akaomba aitiwe tena, na Mwasiti akaita mpaka sauti ikamkauka, na kila mara jina lilipopita yeye alilirudia kidogo kidogo mdomoni, Kashindi, Kashindi, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Jina lake yeye mwenyewe, lile alilopewa kabla ya Mbaraka, halikuja, hata leo hatulijui, na hakulidai. Jioni ile alimwambia mkewe maneno haya, nami nayasema kama nilivyoyapokea, kwamba alivuka ziwa kumwulizia mama yake akaulizwa anaitwa nani akashindwa, sasa anavuka tena na huko nako ataulizwa, na safari hii jina analo, basi asije mtu akamsahaulisha mlangoni.

Aliishi na jina hilo Desemba na Januari. Alifariki leo asubuhi, Ijumaa tarehe 13 Februari 1914, mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, nyumbani kwake hapa Rumonge, mkewe akimpangusa miguu, akiwa usingizini, na hatujui ni saa ngapi usingizi mmoja uliishia na wa pili ukaanza. Ameacha mjane, watoto wawili, michikichi inayozaa, na safu za dagaa zilizonyooka.

Tunamshukuru daktari wa kambi na wasaidizi wake waliomchoma sindano kwa huruma na kutuambia ukweli mapema, tunawashukuru majirani mliokaa naye zamu kwa zamu, tunamshukuru Amisi kwa mtumbwi wake na kwa kunyamaza kwake, tunawashukuru askari wenzake waliotoka Usumbura juma hili kumjulia hali, na baragumu yao, ambao mjane amewaomba wasiipige nao wamekubali bila kukasirika. Mwasiti, mama, wewe hatuna neno la kukushukuru, tumelitafuta nyumba nzima.

Na sasa Mwalimu wangu Abdulhamid, nakuheshimu, wewe ndiye uliyenifundisha alifu na ukanichapa kwa ajili ya be. Umesema aliyelisema jina hili ni mgonjwa wa malale, na aliyelifahamu ni mwanamke mmoja, na yote mawili ni kweli, sipingi. Ninauliza jambo moja tu. Miaka yote hiyo tuliitika jina la Mwache, karani akaliandika, wakubwa wakaliita, wewe mwenyewe ukalitaja siku ya ndoa yake, na hakuna aliyetaka shahidi, na lile lilikuwa neno la waliomwiba. Hili ni neno la jirani aliyelalamikia karanga zake. Kama tuliwaamini wale, tunashindwaje kumwamini huyu?

Mwenye kukataa aseme, mbele ya jeneza.

Nimengoja vya kutosha. Nasikia huko uani mama zetu wanalitaja, wa Rumonge na wa Gitaza, na wale wa milimani pia, na Mwalimu amesimama, ameinamisha kichwa, mmeona wote, amekubali.

Basi shemeji, tunakubeba. Pumzika salama huko uendako, usiwe na wasiwasi na safari, na tukishakufukia, ukisikia juu ya kichwa chako anaitwa Mbaraka mwana wa Kashindi, ni wewe. Itika.